Geji Mbovu na Moto wa Malori ya Kale



Dereva aliye safarini hawezi kuona ndani ya injini yake. Haoni oili ikipita katika mabomba, wala haoni umeme ukienda na kurudi katika nyaya. Kwa sababu hiyo aliyelitengeneza gari alimwekea mashahidi mbele ya macho yake, ndivyo vile visaa vidogo vyenye mshale ambavyo mafundi huviita geji. Shahidi akiwa mkweli, dereva huonywa mapema, akasimama kabla ya hasara. Shahidi akiwa mwongo, dereva hudanganyika, akaendelea na safari huku injini yake inaungua. Lakini leo nataka kueleza habari ya shahidi wa namna ya tatu, ambaye watu wengi hawamjui. Huyu ni yule aitwaye kulinda nyumba, naye mwenyewe ndiye anayeitia moto.

Sisi wa Rujewa na vijiji vyote vya Usangu twaishi kwa mpunga. Siku za mavuno, mpunga lazima utoke mashambani ufike mashineni, Ubaruku, Chimala au Igurusi. Malori mapya na makubwa hupita katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, nayo hayapendi kuacha lami. Anayekubali kuingia katika tope na mashimo ya majarubani ni lori la kale la mwenyeji, ambalo umri wake wapita umri wa dereva wake. Tusilidharau lori hilo. Lisingekuwako, mpunga wa wengi wetu ungelala shambani na kuliwa na panya.

Tena malori hayo yana historia katika nchi yetu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na baadaye kidogo Zambia ikakosa mafuta yaliyokuwa yakiipitia njia ya kusini. Ndipo malori yakaanza kubeba mapipa ya petroli na dizeli kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Zambia, kwa barabara hii yetu, ambayo wakati ule ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Magari mengi yalianguka, na watu wengi walikufa, hata njia ile ikaitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta likafika Ndola, baadaye lami ikawekwa, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa kwa serikali zetu mbili. Lakini wazee wengi wa huku walikuwa wamekwisha kujifunza kazi ya gari katika shida ile, na upendo wao kwa malori ya siku za kale haukuisha.

Shida yao ni vipuri. Kile kiwanda cha Bedford kilichokuwa Dunstable, Uingereza, hakitengenezi malori tena. Basi geji ya asili ikifa, mwenye lori huenda kutafuta nyingine sokoni, na huko hukuta geji nzuri za thamani, na pembeni yake hukuta geji bandia zinazong'aa kuliko zile nzuri. Bei ya bandia ni ndogo mno. Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Katika habari hii rahisi huunguza hata jiko.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo msingi wa maneno yangu. Geji zote za gari si sawa. Geji ya mafuta na geji ya joto, kama ni za umeme, hupitisha umeme kidogo sana. Lakini katika malori mengi ya kale imo geji ya ampea, yenye mshale unaosimama katikati, ukaenda upande mmoja betri inapochajiwa, na upande wa pili betri inapotoa. Hii haichungulii umeme kwa mbali. Umeme wote wa gari, isipokuwa ule wa kuwashia stata, hupita ndani ya tumbo lake. Waya mnene hutoka upande wa betri, huingia nyuma ya dashibodi, hufungwa kwa nati katika bolti ya kwanza ya geji; na waya mwingine mnene hutoka katika bolti ya pili kwenda kwenye taa na kila kitu kingine. Katika magari mengi ya zamani waya ule hauna fyuzi, tena haupitii swichi ya ufunguo. Maana yake ni kwamba hata gari likiwa limezimwa na dereva amelala nyumbani, bolti zile mbili zina umeme usiku kucha.

Nitasimulia sasa jambo lililotokea kijijini kwetu, maana ndilo lililonifanya niandike. Majina ya watu nayaacha.

Yuko mzee jirani yangu, aliyekuwa utingo katika njia ya Zambia alipokuwa kijana. Ana lori la Bedford, au tuseme alikuwa nalo. Dereva wake alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Mwanzo wa mavuno kioo cha geji ya ampea kilipasuka na mshale ukakwama. Fundi akanunua geji nyingine kwa bei ya kuku mmoja, akaifunga. Iliandikwa juu yake kwamba yaweza kupitisha ampea 60. Siku ya kumi na mbili lori lilitoka mashambani na magunia 70, na juu ya magunia walikaa wanawake watano na watoto wawili. Ilikuwa yapata saa moja ya usiku, taa zimewashwa. Dereva akaona taa zinafifia na mshale unarukaruka. Kisha akasikia harufu ya mpira unaoungua, akaona moshi chini ya dashibodi. Akasimamisha gari, akazima ufunguo na kuuchomoa. Moshi haukukoma, bali ulizidi.

Hapo ndipo msomaji aelewe ubaya wa waya usiopitia ufunguo. Kijana alikuwa amezima, lakini moto ulikuwa hauzimiki, kwa kuwa betri iliendelea kuulisha. Akakimbilia betri ili aing'oe. Nati zake zilikuwa na kutu, na spana ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kiti, mahali palepale penye moshi. Utingo akaingiza mikono, akaungua vidole. Wanawake wakarukia matopeni, watoto wakapokewa chini. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Chumba cha dereva kiliungua chote, na katika magunia 70 yaliokolewa 22 tu.

Magunia yale hayakuwa ya mzee. Yalikuwa ya nyumba tisa. Katika nyumba hizo gunia moja lilikuwa sare ya shule, jingine lilikuwa nauli ya mtoto wa bweni, jingine lilikuwa deni la mbolea. Mzee aliuza ng'ombe wake wote sita ili alipe, naye hakumaliza.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ilikuja baadaye. Mzee huyo alikuwa amegombana na mtu mmoja juu ya zamu ya maji ya mfereji, na mtu yule alisema mbele ya watu, "Utaona." Neno hilo watu walilikumbuka. Asubuhi ya pili mji mzima ulisema kwamba moto ule si wa bure. Ungewakaje katika gari lililozimwa? Ungekataaje kufa wakati ufunguo umetolewa? Siku ya tatu watoto wa yule mtu walirudi kutoka kisimani na ndoo tupu, maana walitupiwa mawe. Mmoja wao husoma katika darasa langu. Alikaa nyuma kabisa, na hakuna aliyekaa naye dawati moja.

Basi nikamwendea mzee, nikamwomba ruhusa nilione lori. Akasema, "Mwalimu, utaona nini katika majivu?" Nikamjibu, "Baba, hata majivu husema." Mimi na yule dereva tukaichomoa geji. Nati moja ya nyuma ilikuwa imelegea, bolti yake imekuwa nyeusi, na ile plastiki iliyokuwa ikizishika bolti zisiguse bati la geji ilikuwa imeyeyuka ikamwagika kama nta. Bolti ilikuwa imeinama ikagusa bati. Kwa bahati geji ya asili ilikuwa ingali katika boksi la takataka la fundi. Tukaleta sumaku ya shule. Bolti za geji ya kale hazikushikwa na sumaku, kwa kuwa ni za shaba. Bolti za ile mpya zilirukia sumaku mara moja, kwa kuwa zilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Nacho chuma hukinza umeme yapata mara sita kuliko shaba nyekundu.

Mambo yalikwendaje? Hesabu yake ni ile tunayoifundisha shuleni. Nati ikilegea, umeme hupita kwa shida mahali pale, na penye shida ya umeme huzaliwa joto. Tuseme ukinzani wa mahali pale ni sehemu moja ya kumi ya omu, jambo dogo ambalo macho hayawezi kuliona. Taa na vitu vingine vikivuta ampea 30, zidisha 30 kwa 30, kisha kwa ile sehemu moja ya kumi, utapata wati 90. Kumbuka zile taa za zamani za wati 60, jinsi ambavyo hukuweza kuzishika kwa mkono. Sasa joto linaloipita taa ile limefungiwa katika nati moja ndogo, juu ya plastiki hafifu. Plastiki ikalainika, bolti ikainama, ikagusa bati, na bati limeungana na mwili wa gari. Hiyo ndiyo shoti. Betri ya lori yaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafula, na waya usio na fyuzi hauna wa kuuzuia. Ukawa mwekundu kama chuma cha mhunzi, na mpira wake ukawaka.

Mwenyekiti wa kitongoji akakubali kuwaita wazee. Nikaweka mezani geji zote mbili na sumaku. Kisha nikatwaa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na betri mbili za tochi, nikazigusisha. Nyuzi zikawaka nyekundu mbele ya macho yao. Nikasema, "Hizi ni betri za tochi, na moto umewaka. Betri ya lori si zaidi?" Wengi wakatikisa vichwa. Lakini bibi mmoja mwenye heshima akasema, "Mwanangu, hayo ni kweli. Ila mbona moto umejua kulichagua lori la huyu, si la mwingine?"

Neno lake lilikuwa jema, nami nililiona kuwa lastahili jibu la matendo. Nikauliza nani mwingine aliyenunua geji ya namna ile. Yakapatikana malori matatu. Tukaenda sote, wazee, bibi yule na vijana, tukang'oa betri, tukafungua dashibodi moja baada ya moja. La kwanza lilikuwa salama. La pili nati yake ilizunguka kwa kidole tu. La tatu plastiki ilikuwa imekuwa rangi ya kahawia na kuanza kupinda, na mwenye lori hilo hajagombana na mtu yeyote katika maisha yake. Bibi akaishika kwa mkono wake, akainusa, akasema, "Kumbe nalo lilikuwa njiani." Hakusema zaidi.

Siwezi kuwaambia kwamba watu wote waliamini. Wako wanaonong'ona mpaka leo. Lakini mawe yalikoma, na yule mtoto sasa ana mwenzake katika dawati. Kwangu mimi faida hiyo ni kubwa. Tukilijua jambo linavyotendeka, hatutamtafuta jirani wa kumtwika.

Nirudi katika mashauri, maana habari isiyo na faida ni hadithi tu.

Kwanza, mwenye lori la kale aitoe geji ya ampea, aweke geji ya volti. Zile nyaya mbili nene zilizokuwa zikiingia ndani yake ziunganishwe kwa nguvu na kufunikwa vema. Geji ya volti hufungwa kwa waya mwembamba wenye fyuzi ndogo, na umeme unaopita ndani yake ni kidogo mno. Ikiharibika, hufa peke yake bila kuua gari. Nayo husema zaidi. Katika gari la volti 12, betri njema iliyopumzika huonyesha yapata 12.6, na injini ikinguruma huonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Mshale ukishuka chini ya 12 wakati injini inanguruma, jua kwamba betri haichajiwi. Ukipita 15, betri inapikwa. Gari la volti 24, zidisha hesabu hizo kwa mbili.

Pili, fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, isizidi mkono mmoja. Wengi hudhani fyuzi ni ya kulinda taa. Sivyo, fyuzi hulinda waya. Kwa hiyo ipimwe kwa uwezo wa waya, na ikikatika isiwekwe kipande cha msumari wala karatasi ya sigara mahali pake. Mtu afanyaye hivyo amemfunga mlinzi wake mdomo.

Tatu, iwekwe swichi ya kukata betri mahali ambapo dereva na utingo waweza kuifikia bila spana. Ingekuwako katika lori la mzee, ng'ombe sita wangekuwa zizini.

Nne, yule aliyeweka altaneta mahali pa dainamo ya zamani, akaongeza taa kubwa na redio, akumbuke kwamba nyaya zake na geji yake vilipimwa kwa mzigo mdogo wa siku zile. Huwezi kupitisha mto katika mfereji wa bustani.

Tano, tazameni pia geji ya oili. Katika malori mengine kijibomba chembamba huleta oili ya moto kutoka injini mpaka nyuma ya dashibodi. Kijibomba cha plastiki hafifu hupasuka, oili ikamwagika penye nyaya au juu ya injini yenye joto kali. Kiwe cha shaba, na kisisuguane na bati. Na geji ya mafuta isijaribiwe kwa kupeleka waya wa betri moja kwa moja kwenye tangi, maana huko ni kuchezea cheche mlangoni pa mvuke wa mafuta.

Moto ukiwaka, kateni betri kama njia ingalipo, tumieni mtungi wa unga wa kuzimia moto, msimwage maji penye mafuta yanayowaka, tena waondoeni watu kabla ya mali. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wala lori lililoanguka na kumwaga mafuta msilisogelee kamwe. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka na watu wakalikusanyikia kuchota petroli. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Mashahidi walisimulia kwamba mtu mmoja alikuwa akijaribu kuing'oa betri. Cheche moja yatosha.

Najua mtasema, "Mwalimu, hayo yote ni fedha." Ni kweli, fedha ni chache. Lakini geji ya volti iliyo njema, fyuzi na swichi ya betri, vyote kwa pamoja havifiki bei ya magunia machache ya mpunga, na mzee amepoteza magunia 48, lori na zizi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Anayenunua na aombe risiti, auangalie uzito wa kitu, ajaribu bolti kwa sumaku, naye asiamini maandiko tu, maana karatasi hukubali kila kitu. Tangu sheria ya mwaka 1975 tunalo Shirika la Viwango, na kila mnunuzi ana haki ya kupeleka malalamiko yake huko juu ya kitu kibovu.

Nanyi msio na malori, neno hili ni lenu pia, kwa kuwa mpunga wenu na watoto wenu hupanda juu yake. Kabla ya kupakia gunia la kwanza, mwulizeni dereva maswali mawili: fyuzi ya betri iko wapi, na betri hukatwa kwa nini? Asipoweza kujibu, mpeni siku mbili akatengeneze. Mpunga waweza kungoja siku mbili.